Mtoaji, Mteuzi, Mfadhiliwa na Mwenyeji: Maelezo Juu ya Ufadhili wa Kimataifa wa Kazi ya Nyumba za Ujirani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ufadhili wa kazi ya nyumba za ujirani ulivyoandaliwa na kugharamiwa tangu miaka ya 1890, na jinsi ulivyovuka mipaka ya nchi. Yanaanza kwa kuchambua istilahi za Kiswahili zinazohusika, kisha yanapitia mifano ya Uingereza, Marekani na Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba kila ufadhili wa aina hii una washiriki wanne: mtoaji, mteuzi, mfadhiliwa na mwenyeji. Historia inaonyesha kwamba watatu wa kwanza wamekuwa wakiwekewa kanuni, ilhali wa nne ameachwa nje ya mkataba. Mwishoni yanapendekezwa mambo ya kuzingatiwa na idara au asasi inayotaka kuandaa ufadhili kama huo.

1.0 Utangulizi

Mtu akitoka nchi moja kwenda kuishi katika mtaa wa maskini wa nchi nyingine ili ajifunze na kutumika, nani amlipie nauli, chakula na kodi ya chumba? Swali hili linaonekana kuwa la mhasibu. Kwa hakika ni swali la kinadharia, kwa sababu anayelipa ndiye kwa kawaida anayeamua nani aende, akae muda gani, aulize nini, na majibu yapelekwe wapi. Wasemao kwamba fedha ni fedha tu hawajasoma historia ya jambo hili.

Suala hili linawahusu wanataaluma wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, istilahi za ufadhili zinazotumika katika barua, mikataba na matangazo ya vyuo zimekuwa zikikopwa au kubuniwa bila uchambuzi, na matokeo yake ni kwamba neno moja hubeba dhana mbili au tatu zisizopatana. Pili, idara nyingi za Kiswahili hupokea wageni waliofadhiliwa na asasi za nje, na wageni hao hupelekwa mitaani na vijijini kukusanya data. Kwa hiyo idara zenyewe ni sehemu ya muundo unaojadiliwa hapa.

2.0 Istilahi

Harakati zinazozungumziwa zilianza Uingereza mwaka 1884. Wasomi walihamia katika mitaa ya wafanyakazi maskini, wakanunua au kukodi nyumba, wakaishi humo pamoja, na kuigeuza nyumba hiyo kuwa mahali pa masomo ya jioni, vilabu, ushauri wa sheria, malezi ya watoto na utafiti wa hali ya maisha. Je, nyumba ya aina hiyo iitweje kwa Kiswahili?

Neno linalojitokeza kwanza ni makazi. Tatizo ni kwamba neno hili limekwisha kupewa kazi nyingine. Nchini Tanzania, makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo ni maeneo waliyopewa wakimbizi kutoka Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1972. Nchini Kenya, mipango ya makazi ni ile iliyogawa mashamba makubwa kwa wakulima wadogo kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960. Katika matumizi yote mawili, anayekaa ni yule aliyepewa mahali pa kukaa kwa kukosa pengine. Katika harakati zinazojadiliwa hapa, anayekaa ana kwao, na amechagua kuhama.

Kitenzi lowea kinakaribia zaidi maana ya kukaa ugenini na kupafanya kwenu. Hata hivyo nomino yake, mlowezi, imebeba historia nzito ya unyakuzi wa ardhi katika nyanda za juu za Kenya na kwingineko. Kuwaita wasomi wa London walowezi kungekuwa kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza, ingawa wapo wahakiki ambao wangesema hukumu hiyo si ya uonevu.

Makala haya yanatumia nyumba ya ujirani kwa nyumba yenyewe na mkaaji kwa msomi anayeishi humo. Uteuzi wa mkaaji badala ya mkazi si wa bahati. Maneno yote mawili yanatokana na kitenzi kaa. Katika mkazi, kama katika makazi, inaonekana athari ya irabu ya mwisho i juu ya konsonanti ya kale iliyokwisha kudondoka katika kitenzi chenyewe. Neno hilo ni la zamani na maana yake imetulia: mtu wa mahali hapo. Mkaaji limeundwa kwa kiambishi tamati -ji ambacho bado kinazaa maneno mapya, na maana yake inabaki karibu na tendo: yule anayekaa, pengine kwa muda. Wakaaji wa nyumba za ujirani hawakuwa wakazi, hata walipokaa miaka arobaini.

Kwa upande wa fedha, Kiswahili kina msamiati mpana kuliko unavyotumiwa. Ruzuku ni kitu kitolewacho bila kudaiwa. Mkopo au karadha hudaiwa. Masurufu ni fedha za matumizi ya safari. Posho ni cha kumwezesha mtu kuishi anapofanya kazi. Wakfu, neno lililotufikia kupitia sheria ya Kiislamu na kuzoeleka sana katika miji ya pwani, ni mali inayotengwa isiuzwe wala kurithiwa, bali mazao yake yatumike kwa lengo lililotajwa. Neno ufadhili linafunika haya yote, na hapo ndipo penye hatari: mpokeaji anaweza kuambiwa amepata ufadhili, kumbe amepata mkopo.

Kutokana na kitenzi fadhili tunapata mfadhili na mfadhiliwa. Uhusiano huu wa mtenda na mtendwa unaacha nje washiriki wawili. Wa kwanza ni mteuzi, ambaye mara nyingi si mtoaji. Wa pili ni mwenyeji. Neno hili limeungwa kwa mwenye na mji. Maana yake ya asili ni yule ambaye mji ni wake. Siku hizi, katika barua za ufadhili, asasi mwenyeji ni chuo au shirika linalompokea mgeni. Kwa mujibu wa uundaji wa neno, mwenyeji halisi ni watu wa mtaa.

3.0 Gharama za Mkaaji wa Kwanza

Nyumba ya Toynbee Hall, iliyoko Whitechapel, mashariki ya London, ilipokea wakaaji wake wa kwanza mwishoni mwa mwaka 1884. Waanzilishi walikuwa kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta, na jina lilitokana na Arnold Toynbee, mwanahistoria wa uchumi aliyefariki mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka 30. Ardhi na majengo yalimilikiwa na jumuiya iliyosajiliwa kwa ajili hiyo, ikichangiwa na watu wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mkaaji alijilipia chumba na chakula. Mchana aliweza kuwa na kazi yake mjini. Jioni alitumika mtaani. Mpango huu ulikuwa na faida mbili. Nyumba haikuhitaji mishahara mingi, na mkaaji hakuweza kusemwa kwamba amekuja kwa ajili ya posho. Lakini mpango huohuo ulikuwa chujio. Aliyeweza kuukubali ni kijana mwenye kipato au mwenye familia ya kumtunza. William Beveridge na Clement Attlee, ambao baadaye walihusika sana na ujenzi wa mfumo wa ustawi wa jamii wa Uingereza, walipitia Toynbee Hall kati ya mwaka 1903 na 1910. Mtoto wa Whitechapel mwenyewe hakuwa na njia rahisi ya kuwa mkaaji, ingawa aliishi hatua mia moja kutoka mlangoni.

Mawazo hayo yalienea kwa safari za watu binafsi. Jane Addams wa Marekani alizuru Toynbee Hall mwaka 1888, na tarehe 18 Septemba 1889, yeye na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House mjini Chicago. Marie Lang alirudi Vienna kutoka London mwaka 1898 na habari za nyumba hizo, na nyumba ya Ottakring ikaanzishwa mwaka 1901. Katayama Sen, baada ya kusoma Marekani, alianzisha Kingsley Hall mjini Tokyo mwaka 1897. Mjini Amsterdam, nyumba ya Ons Huis ilikwisha kufunguliwa mwaka 1892. Katika hatua hii hapakuwa na ufadhili wa kimataifa kwa maana ya mfumo. Palikuwa na wasafiri wenye uwezo.

4.0 Kuzuka kwa Ufadhili

4.1 Michango ya vyuo vya wanawake

Mabadiliko yalianza pale wanawake waliohitimu vyuo vya Smith, Wellesley, Vassar na Bryn Mawr walipounda Chama cha Nyumba za Ujirani za Vyuo mwaka 1890. Chama hicho kiliendesha nyumba New York, Philadelphia na Boston. Fedha zake zilitokana hasa na michango ya kila mwaka ya wanachama na matawi ya vyuoni. Kwa fedha hizo, na kwa zawadi za watu wachache, kiliweza kutoa ufadhili kwa mhitimu ambaye angekaa katika nyumba ya ujirani na kufanya utafiti.

Tofauti na mpango wa Toynbee Hall ni kubwa. Hapa mkaaji halipi, analipwa. Kwa hiyo mtu asiye na mali anaweza kukaa. Lakini hapohapo linazuka deni la aina nyingine: mfadhiliwa anatakiwa aonyeshe matunda. Ufadhili ukageuza ukaaji kuwa utafiti, na ujirani kuwa data.

Isabel Eaton ni mfano mzuri. Akiwa mfadhiliwa wa chama hicho, alichunguza mapato na matumizi ya mafundi cherehani, na sura yake juu ya washonaji wa makoti mjini Chicago imo katika kitabu cha Hull House cha mwaka 1895, Hull-House Maps and Papers. Baadaye alikwenda Philadelphia kuchunguza hali ya watumishi weusi wa majumbani. Taarifa yake ilichapishwa pamoja na kitabu cha W. E. B. Du Bois, The Philadelphia Negro, mwaka 1899.

4.2 Philadelphia, 1896 hadi 1898

Utafiti wa Philadelphia unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa washiriki wanne waliotajwa wanaonekana wote. Wazo lilichochewa na Susan Wharton, aliyehusika na nyumba ya ujirani ya mji huo. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimteua Du Bois na kumlipa dola 900 kwa mwaka. Alipewa cheo cha msaidizi katika sosholojia. Hakupewa darasa la kufundisha, na baadaye alilalamika kwamba jina lake halikuorodheshwa kati ya walimu. Yeye na mkewe walipanga chumba katika Kata ya Saba, karibu na nyumba ya ujirani.

Du Bois alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, akatembelea kaya zipatazo 2,500, na kuandika habari za watu weusi 9,675 wa kata hiyo. Watoaji walikuwa na dhana yao: kwamba tatizo la mji lilikuwa tabia ya watu hao. Jibu alilotoa Du Bois lilikuwa tofauti. Alionyesha kwamba umaskini na uhalifu wa kata hiyo ulikuwa na mizizi katika historia ya utumwa, ubaguzi wa ajira na kodi za nyumba. Yaani, mfadhiliwa alilipindua swali la mtoaji.

Na mwenyeji? Du Bois mwenyewe aliandika baadaye kwamba watu wa Philadelphia hawakumpokea kwa mikono miwili. Hawakupenda kuchunguzwa kama viumbe wa ajabu. Ushahidi huu una uzito kwa sababu unatoka kwa mtafiti aliyekuwa wa rangi yao na mwenye nia njema kwao. Hata hivyo kwao alikuwa mgeni. Hawakuwa wamemwalika, hawakuwa wamemteua, na hawakuwa na njia ya kumuuliza kazi hiyo ingewaletea nini.

4.3 Nusu ruzuku, nusu mkopo

Kabla ya Philadelphia, Du Bois alikuwa amepata ufadhili wa kimataifa. Mfuko wa Slater, ulioanzishwa mwaka 1882 kwa wakfu wa dola 1,000,000 kwa ajili ya elimu ya watu weusi wa kusini ya Marekani, ulimpa mwaka 1892 dola 750 za kusoma Berlin. Nusu yake ilikuwa ruzuku. Nusu ilikuwa mkopo wenye riba. Ufadhili huo uliongezwa kwa mwaka wa pili. Alipoomba muda zaidi ili atimize masharti ya shahada ya udaktari ya Berlin, alikataliwa. Akarudi Marekani mwaka 1894 bila shahada hiyo, na mwaka 1895 akapata udaktari wa Harvard.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, muda wa ufadhili ukipangwa bila kuzingatia kanuni za mahali anapokwenda mfadhiliwa, fedha zote zilizotumika zinaweza kuishia njiani. Pili, neno moja la ufadhili lilificha mikataba miwili tofauti. Mwenye shamba akimpa mgeni debe la mahindi, ni lazima wote wawili wajue kama ni zawadi au ni karadha kabla mahindi hayajasagwa.

5.0 Masharti ya Mtoaji

Hull House ilianza kwa urithi wa Jane Addams mwenyewe na kwa ukarimu wa Helen Culver, mrithi wa nyumba ya Charles Hull. Baadaye ilitegemea marafiki wachache wenye mali, hasa Mary Rozet Smith na Louise deKoven Bowen. Mwaka 1895 ilisajiliwa kuwa asasi yenye bodi ya wadhamini. Utegemezi wa watu wachache ulirahisisha uamuzi, kwani watoaji hao walikuwa marafiki wa nyumba na waliielewa kazi yake. Lakini si kila aliyeleta fedha alikuwa rafiki wa aina hiyo.

Katika kumbukumbu zake za mwaka 1910, Addams anaeleza matukio mawili. Wakati wakaaji walipokuwa wakipigania sheria ya viwanda ya Illinois, iliyopitishwa mwaka 1893, aliletewa ahadi ya dola 50,000 endapo Hull House ingeachana na sheria hiyo. Alikataa. Wakati mwingine, kilabu cha wasichana wafanyakazi kilihitaji jengo, na ikaja ahadi ya dola 20,000. Ilipojulikana kwamba mtoaji alikuwa na sifa mbaya ya kuwapunja mishahara wasichana walioajiriwa kwake, ahadi hiyo nayo ilikataliwa. Jengo lilipatikana baadaye kwa fedha nyingine.

Wahenga wamesema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii husomwa kama sifa ya maskini anayetoa. Inaweza kusomwa pia kama kipimo cha tajiri: kutoa kunahukumiwa kwa moyo, yaani kwa nia, na nia hujulikana kwa sharti linaloambatana na fedha. La kuzingatiwa ni kwamba Addams aliweza kukataa kwa sababu alikuwa na vyanzo vingine. Asasi yenye mtoaji mmoja haina uhuru wa kukataa, hata viongozi wake wawe waadilifu namna gani. Uadilifu wa ufadhili ni suala la muundo kabla ya kuwa suala la tabia.

6.0 Kuvuka Mipaka

Mwezi Julai 1922, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wajumbe wa nyumba za ujirani wa nchi mbalimbali walikutana Toynbee Hall katika mkutano wao wa kwanza wa kimataifa. Mwaka 1926, mjini Paris, likaundwa shirikisho la kimataifa, na mikutano ikafuata Amsterdam mwaka 1928 na Berlin mwaka 1932. Mwaka uliofuata mkutano wa Berlin, Wanazi walishika madaraka, na Friedrich Siegmund-Schultze, aliyeanzisha nyumba ya ujirani mashariki ya Berlin mwaka 1911, akafukuzwa nchini mwake. Ufadhili wa kimataifa hutegemea kitu ambacho hakimo katika bajeti yoyote: nchi mbili zinazoruhusu watu wao kutembeleana.

Mpango uliodumu zaidi ulizaliwa kutokana na mkasa huohuo. Henry Ollendorff alikuwa mwanasheria Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani mwaka 1938, akasomea kazi ya ustawi wa jamii, na hatimaye akaongoza umoja wa nyumba za ujirani za mji wa Cleveland. Mwaka 1956 alianzisha mpango wa kuwaleta Cleveland viongozi wa vijana na wafanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka nje, wa kwanza wao wakitoka Ujerumani, nchi iliyomfukuza.

Muundo wa mpango wa Cleveland uligawa gharama badala ya kuzirundika mahali pamoja. Serikali ya Marekani ilishiriki kupitia mipango yake ya kubadilishana watu. Chuo kikuu kilitoa mafunzo. Mashirika ya mji yalitoa nafasi za kazi. Familia za mji zilitoa chumba na chakula. Familia hizo si watoaji kwa maana ya kihasibu, kwani hazikuandika hundi. Lakini bila wao gharama isingebebeka. Hapa ndipo mwenyeji halisi alipoanza kuonekana katika hesabu.

Mwaka 1960, waliowahi kufadhiliwa na mpango huo waliunda umoja wao nchini Ujerumani, ambao baadaye ulipata matawi katika nchi nyingi na kuanza kuandaa mipango ya kuwapokea wageni kwa zamu. Aliyekuwa mgeni akawa mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii ya pwani inaeleza vizuri mantiki ya ubadilishanaji wa kweli, kwamba anayepokea ana haja ya mgeni kama vile mgeni alivyo na haja yake.

7.0 Njia ya Kabete

Afrika Mashariki ina uhusiano wake na historia hii, ingawa haujazungumzwa sana. Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales, alifanya kazi katika nyumba ya ujirani ya University Settlement mjini New York mwanzoni mwa karne ya 20, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1904 ilihusu mtaa mmoja wa mji huo. Baadaye akawa mkurugenzi wa elimu wa Mfuko wa Phelps-Stokes, ulioanzishwa mwaka 1911 kwa wosia wa Caroline Phelps Stokes. Mwaka 1924 aliongoza tume ya mfuko huo iliyozuru Afrika Mashariki. Katika tume hiyo alikuwamo James Kwegyir Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1925.

Mwaka huohuo ilianzishwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani, chini ya J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume. Jina lilitokana na Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa wakfu wa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Kabete ilifundisha walimu watembeleaji waliokuja pamoja na wake zao, wakaishi shuleni, kisha wakarudi kuhudumia shule na vijiji vya kwao.

Ukilinganisha asili na nakala, tofauti inaonekana. Kazi ya Jeanes nchini Marekani ilianza mwaka 1908 kwa Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa jimbo la Virginia, ambaye tayari alikuwa akiifanya katika shule yake. Fedha zilimkuta kazini. Kabete, kazi ilibuniwa na tume, ikagharamiwa na shirika la ng'ambo, kisha wakatafutwa watu wa kuifanya. Du Bois alikuwa ameupinga mtazamo wa Jones katika jarida la The Crisis tangu mwaka 1918, akisema kwamba elimu ya watu weusi ilikuwa ikiamuliwa bila wao wenyewe. Ni kweli kwamba wahitimu wa Kabete waliitumia elimu yao kwa namna ambazo wapangaji hawakuzitarajia, na hilo halishangazi. Hata hivyo suala la nani aliulizwa mwanzoni linabaki.

8.0 Mambo ya Kuzingatiwa

Kutokana na mifano iliyopitiwa, idara au asasi inayoandaa ufadhili wa kimataifa wa aina hii ingefaa izingatie mambo matano.

(a) Uteuzi. Kamati ya uteuzi iwe na wajumbe kutoka mtaa anakokwenda mfadhiliwa, nao wawe na kura. Kumwarifu mwenyeji baada ya uamuzi si kumshirikisha.

(b) Aina ya fedha. Mkataba utaje waziwazi kipi ni ruzuku, kipi ni mkopo, kipi ni masurufu na kipi ni posho. Posho ikokotolewe kwa gharama za mahali pa kukaa, si za mahali pa kutoka, na ihesabu familia ya mfadhiliwa asiye na mali. Vinginevyo chujio la Toynbee Hall litarudi kwa mlango wa nyuma.

(c) Vyanzo. Wakfu hutoa uhakika lakini hudai mtaji mkubwa. Ikiwa posho ya mwaka ni shilingi 10,000,000, na wakfu unazaa asilimia 5, mtaji unaohitajika ni shilingi 200,000,000. Na mfumuko wa bei ukizidi mazao hayo, wakfu utaliwa polepole ingawa hakuna aliyeugusa. Michango midogo ya kila mwaka huhitaji kazi ya kuikusanya, lakini hakuna mchangiaji mmoja anayeweza kuitishia asasi. Njia ya busara ni kuchanganya vyote viwili, na kuhakikisha kwamba hakuna mtoaji ambaye kuondoka kwake kungeifunga asasi.

(d) Muda na lugha. Mwaka mmoja ambao miezi sita yake inatumika kujifunza lugha ni nusu mwaka. Aidha muda wa lugha ulipwe kama sehemu ya kazi, kwa sababu mkaaji asiyejua lugha ya majirani ni mpangaji tu.

(e) Marejesho. Taarifa ya mfadhiliwa itolewe pia katika lugha ya mwenyeji, isomwe mbele yake, naye apewe nafasi ya kujibu, na jibu lake lihifadhiwe pamoja na taarifa. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Tasnifu nyingi zilizotokana na data ya wasemaji wa Kiswahili hazisomeki na wasemaji hao. Hili ni deni, na idara za Kiswahili ndizo zenye uwezo wa kitaalamu wa kulilipa.

Inaweza kudaiwa kwamba masharti haya yatawatisha watoaji na kupunguza idadi ya nafasi. Huenda. Lakini nafasi zilizopotea kwa sababu hiyo zipimwe dhidi ya gharama ya mtaa unaofunga milango kwa kila mtafiti ajaye, kwa sababu waliotangulia walichukua na hawakurudi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ufadhili wa kazi ya nyumba za ujirani ulianza kama dawa ya tatizo la haki: kwamba ni wenye mali tu walioweza kuwa wakaaji. Dawa hiyo ilifanya kazi, na pia ilileta tatizo jipya, kwa kuwa kila shilingi ya posho huja na swali la yule aliyeitoa. Du Bois alilipindua swali hilo kwa uwezo wake. Addams alizikataa fedha kwa sababu alikuwa na nyingine. Cleveland iligawa gharama hadi familia za mji zikawa sehemu ya mpango. Kabete ilipangwa na watu wa mbali. Katika kila mfano, kipimo kilichotofautisha mpango mmoja na mwingine ni nafasi aliyopewa mwenyeji.

Kiswahili kimekwisha kulihifadhi jambo hili katika uundaji wa neno lenyewe. Mwenyeji ni mwenye mji. Mkataba wa ufadhili usiomtaja, hata uwe na sahihi za vyuo viwili na mihuri ya serikali mbili, haujakamilika, kwa sababu sahihi ya mwenye mji haimo.